Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa mgodi: mkishavuna shaba, maji yanayobaki ni ya nani?

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Mgodi
Nakala: Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ofisi ya maji ya bonde, wasimamizi wa mazingira wa kanda, Afisa Madini Mkazi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu

YAH: MAJI YENYE TINDIKALI YANAYOTOKA KWENYE KIFUSI CHA MGODI NA MTAMBO MPYA WA KUVUNA SHABA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua zilizotangulia hii zilikufikia ndani ya bahasha. Zilipokelewa getini, zikagongwa muhuri, nakala zikarudi kwetu, na safari yake ikaishia hapo. Afisa wako wa mahusiano ya jamii, kijana muungwana ambaye simlaumu, alitujibu kwa mdomo kwamba suala linafanyiwa kazi. Mtendaji wa kijiji alipoulizia, akaambiwa tusubiri mtambo mpya. Tukasubiri. Mtambo umezinduliwa, utepe umekatwa, ngoma zimepigwa, na bango lililo barabarani linasema kwamba mgodi sasa unasafisha maji yake kwa teknolojia ya kisasa ya kemikali. Mto haujasoma bango hilo.

Nimefundisha kemia sekondari hadi kustaafu, na nyumba yangu iko upande ambao maji ya mgodi yanaelekea. Siandiki kuupinga mgodi. Vijana niliowafundisha wanakula mshahara wenu na nisingependa ukatike. Wala siupingi mtambo wenyewe. Ninachopinga ni dai lililoandikwa juu yake. Mtambo ule unavuna shaba. Kusafisha maji ni kazi nyingine, ina gharama yake, na kwa tunayoyaona huku chini haifanyiki.

Kwa kuwa barua hii sasa itasomwa na wengi, naomba nieleze jambo lenyewe kwa ufupi. Mgodi wetu ni wa dhahabu, lakini mwamba wake una shaba, na una piriti kwa wingi. Piriti ni chuma kilichoungana na salfa. Ikiwa imefunikwa chini ya ardhi haina shida na mtu. Ikichimbwa, ikavunjwa na kumwagwa kwenye lundo la kifusi, hewa na mvua huifikia, na hapo huzaa tindikali ya salfa. Wapo bakteria wanaoishi kwa kula chuma hicho, nao huiharakisha kazi mara nyingi zaidi. Tindikali ikishazaliwa huyeyusha kila inachokutana nacho ndani ya kifusi: shaba, zinki, manganizi, aluminiamu, kadimiamu. Yote hayo hushuka na maji. Chuma kikifika mtoni hugeuka kutu na kuyafunika mawe kwa ile rangi ya chungwa ambayo watoto wetu sasa wanadhani ndiyo rangi ya mto.

Tena si jambo la msimu mmoja. Kusini mwa Hispania kuna mto unaoitwa Rio Tinto, ambako watu walianza kuchimba madini maelfu ya miaka iliyopita. Hadi leo maji yake ni mekundu na makali kwa tindikali. Huko Iron Mountain, California, mgodi ulishafungwa zamani, lakini mtambo wa chokaa ya kuua tindikali unaendeshwa usiku na mchana, na wataalamu wanakadiria kwamba mwamba ule utaendelea kutoa tindikali kwa maelfu ya miaka. Nayasema haya ili tusidanganyane kuhusu ukubwa wa kazi iliyo mbele yenu.

Sasa nije kwenye mtambo. Mnayachukua maji ya tindikali kutoka kwenye bwawa la chini ya kifusi, mnayakoroga na mafuta ya taa yaliyochujwa ambayo yametiwa kemikali ya kukamata shaba. Mkiyaacha yatulie, mafuta huelea juu yakiwa yamebeba shaba, maji hubaki chini. Mafuta hayo huoshwa kwa tindikali kali, ambayo huipokea shaba, kisha umeme huigandisha shaba kwenye bamba, safi ya kuuzwa. Ni kemia nzuri. Nchanga nchini Zambia wameitumia tangu miaka ya 1970, na huko Katanga, nchini Kongo, ndiyo uti wa mgongo wa viwanda vya shaba na kobalti. Ningekuwa bado darasani ningewaleta wanafunzi waione. Hoja zangu zinaanzia pale maji yanapobaki chini.

1. Mtambo unayaongezea maji tindikali

Hili ndilo kubwa, na sijasikia likitajwa kwenye mkutano wowote wa hadhara. Kemikali yenu haichukui shaba bure, inabadilishana. Kila inapokamata chembe moja ya shaba, huachia majini chembe mbili za haidrojeni, na haidrojeni hiyo ndiyo tindikali. Hesabu yake ni ya kidato cha tatu: kila gramu 1 ya shaba inayovunwa huacha nyuma takriban gramu 1.5 za tindikali ya salfa. Mkiuza tani 1 ya shaba, mmeacha tani moja na nusu ya tindikali kwenye maji ambayo tayari yalikuwa makali.

Kwenye migodi ya shaba hilo si tatizo, ni faida. Maji hayo makali hurudishwa juu ya mawe ili yayeyushe shaba nyingine, na mzunguko unaendelea bila kuhitaji kumwagwa mtoni. Huo ndio mfumo ambao teknolojia hii ilibuniwa kuutumikia. Hapa kwetu hakuna lundo la kuyeyusha. Bomba linatoka mtamboni, linapita nyuma ya uzio, linaishia kwenye mfereji, na mfereji unaishia mtoni. Naomba mhandisi wako aseme hadharani kama nimekosea njia ya bomba hilo.

2. Visivyo na soko vinabaki

Kemikali ya kukamata shaba imechaguliwa kwa sababu inakiacha chuma. Kwa muuzaji wa shaba huo ni ubora. Kwa anayekunywa maji, maana yake ni kwamba chuma chote, aluminiamu yote, manganizi yote na salfa yote bado vimo. Aliyeopoa nyama chunguni hajaosha chungu.

Aluminiamu haina bei inayostahili kuivuna, lakini ikiingia kwenye mto na uchachu ukapungua kidogo, huganda kwenye mashavu ya samaki na kuwaziba pumzi. Manganizi huharibu maji ya kunywa hata yakionekana meupe. Kadimiamu inatakiwa isizidi miligramu 0.003 kwa lita kwenye maji ya kunywa kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi utakaokigundua. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachouzwa na mgodi, na sidhani kwamba imetokea tu.

Mfano upo. Mjini Butte, jimbo la Montana nchini Marekani, kuna shimo la zamani la shaba liitwalo Berkeley Pit. Pampu zilizimwa mwaka 1982, shimo likajaa maji ya tindikali. Kwa miaka kadhaa wenye mgodi waliyavuta maji hayo, wakatoa shaba kwa kuyapitisha kwenye vyuma chakavu, kisha wakayarudisha shimoni. Shaba ilitoka, chuma kikaingia mahali pake, maji yakabaki sumu. Mwaka 1995 bata bukini walioteremka humo kupumzika walikufa kwa mamia. Maji yalianza kuruhusiwa kuingia kwenye kijito cha mji mwaka 2019, baada ya kupitishwa kwenye mtambo wa chokaa uliojengwa kwa ajili ya kusafisha. Wao walau walikuwa wakiyarudisha shimoni kwao.

3. Mafuta ya taa

Mafuta na maji hayaachani kabisa. Matone madogo hubaki yakielea ndani ya maji yanayotoka, na ndani ya matone hayo imo pia kemikali yenu. Viwanda makini huweka matangi ya ziada ya kutulia na vichujio vya makaa kuyanasa. Akina mama wanaochota chini ya mfereji wamelalamika harufu ya mafuta ya taa, wakaambiwa ni pikipiki zinazooshwa mtoni. Pikipiki zinatumia petroli, Ndugu Mkurugenzi.

4. Chokaa imekwenda wapi?

Kabla ya mtambo, malori ya chokaa yalipita hapa kijijini na vumbi lake jeupe tulilijua. Tangu uzinduzi hatuyaoni. Kama mmebadilisha njia ya kuyapitisha, tuambieni na nitakifuta kipengele hiki kwa furaha. Kama mmepunguza chokaa kwa kuwa shaba sasa inatolewa kwa njia nyingine, mmefanya kinyume cha kemia. Kwa tindikali inayozaliwa mtamboni peke yake, kila tani 1 ya shaba inadai zaidi ya tani 1 ya chokaa iliyozimwa, juu ya ile mliyokuwa mkiitumia awali kwa tindikali ya kifusi.

Chokaa ndiyo inayosafisha, na nayo ina masharti. Uchachu ukipunguzwa kidogo tu, chuma huanza kuganda na kuzama. Aluminiamu hufuata, kisha shaba, kisha zinki. Manganizi ni sugu, inataka maji yapelekwe mpaka yaanze kuwa ya magadi, kwenye kipimo cha uchachu kiitwacho pH, cha 9 au zaidi. Baada ya yote hayo salfa hubaki nyingi, kwa kuwa jasi inayotengenezwa na chokaa nayo huyeyuka majini kwa kiasi. Ng'ombe wakinywa maji ya salfa nyingi huharisha na kukonda, jambo ambalo wafugaji wetu wamelisema mbele ya daktari wa mifugo bila kujua sababu yake.

Halafu kuna tope. Kila metali iliyogandishwa na chokaa inakuwa tope lenye sumu, nalo linataka bwawa lililotandikwa vizuri na lisilokutana na tindikali tena, la sivyo linayeyuka upya. Tope lenu la miaka yote liko wapi? Tunaona bwawa moja tu, lile la mabaki ya dhahabu, nalo limejaa mpaka karibu na ukingo.

Mnajua bwawa likishindwa linakuwaje. Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi nchini Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki ya shaba ulibomoka, maji ya tindikali yanayokadiriwa kuwa lita milioni 50 yakaingia kwenye mto unaomwaga katika Kafue. Mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Serikali ilimwaga chokaa mtoni kwa boti na kwa ndege kujaribu kupunguza makali. Chokaa iliyokosekana mgodini ikaja kumwagwa kutoka angani.

5. Vipimo vya nani, vya lini, vya wapi

Kwenye mkutano wa mwisho tulioneshwa jedwali lenye mstari mmoja: shaba, kabla na baada. Imeshuka sana, tukapiga makofi. Jedwali halikuwa na pH. Halikuwa na aluminiamu, manganizi, salfa, kadimiamu wala mafuta. Halikusema sampuli ilichotwa kwenye mdomo wa bomba au mtoni baada ya kuchanganyika, wala mwezi gani.

Mwezi una maana kubwa. Wakati wa kiangazi chumvi za tindikali hujikusanya kwenye ngozi ya kifusi, nyeupe na za kijani, zinaonekana hata kwa mbali. Mvua za kwanza zinapozifikia, huzisomba zote kwa mkupuo, na hapo ndipo mto unapokuwa mbaya kuliko wakati wowote wa mwaka. Anayechota sampuli katikati ya masika, mto ukiwa umefurika, anapima maji ya mawinguni.

Hata mstari huo mmoja wa shaba unahitaji maelezo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 2 za shaba kwa lita, na binadamu anaweza kuvumilia hapo. Samaki hawezi. Samaki na wadudu wadogo wa majini huumizwa na shaba ya kiasi kidogo mno kuliko hicho, ndiyo maana mto unaweza kukidhi jedwali lenu na bado usiwe na hata perege mmoja.

6. Mkiondoka

Ng'ambo ya ziwa, magharibi mwa Uganda, mgodi wa shaba wa Kilembe ulichimbwa kuanzia mwaka 1956 hadi 1982. Piriti yenye kobalti ilirundikwa karibu na mji wa Kasese, ikaachwa. Maji yake ya tindikali yaliteremka ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, na njia yalikopita majani yalikufa. Mwaka 1999 kilianza kiwanda kilichotumia bakteria na kemikali za mafuta kama zenu kuvuna kobalti kutoka kwenye rundo hilo. Lazima tukiri kwamba kiwanda kile kilipunguza chanzo cha sumu, maana kiliishughulikia piriti yenyewe, jambo ambalo ninyi hamlifanyi. Hata hivyo, mabaki ya mgodi yaliyoachwa bondeni yanaendelea kusombwa kila mto Nyamwamba unapofurika, kama ulivyofanya mwaka 2013 na 2020. Shaba ikipanda bei watu huja, ikishuka wanaondoka. Tindikali haifuati soko.

Ndugu Mkurugenzi, najua majibu yatakayoandaliwa, kwa sababu mengine tumeshapewa.

Mtasema udongo wa huku ni mwekundu kiasili. Ni kweli. Lakini udongo mwekundu haugeuzi litmasi ya buluu, karatasi ya kupimia tindikali, kuwa nyekundu, na juu ya mgodi, mto huohuo, haigeuki.

Mtasema ni wachimbaji wadogo. Nao wana makosa yao, zebaki na marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, yanayotupwa ovyo, na tutawaandikia wao pia. Ila hakuna mchimbaji mdogo mwenye mlima wa kifusi unaoonekana kutoka stendi ya basi.

Mtasema chokaa ni ghali na mtambo bado mpya, tuwape muda. Shaba mliyoivuna mmeshaanza kuiuza. Sehemu ya fedha yake inunue chokaa. Na kama mtambo haujakamilika, basi maji yake yasingefunguliwa.

Mtasema takwimu ni siri ya kampuni. Bei mliyonunulia kemikali ni siri yenu. Kilichomo ndani ya mto si siri ya mtu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa mwananchi haki ya kuishi katika mazingira safi na salama na haki ya kupata taarifa za mazingira, na imeweka wazi kwamba mchafuzi ndiye anayelipa.

Na mtasema mmejenga madarasa na zahanati. Mmejenga, tunashukuru, wajukuu zangu wanasoma humo. Haviondoi kadimiamu.

Tusiambiwe pia kwamba haiwezekani. Huko eMalahleni, Afrika Kusini, tangu mwaka 2007 maji machafu ya migodi ya makaa ya mawe yanatiwa chokaa, yanachujwa kwa utando wa shinikizo, na yanapelekwa kwenye bomba za mji kwa kunywa. Hatuombi hata hayo. Tunaomba yafuatayo:

Kwanza, bomba la nyuma ya uzio lifungwe mpaka kuwe na hatua ya chokaa baada ya kuvuna shaba, yenye ukubwa unaolingana na tindikali yote, ya kifusi na ya mtambo, pamoja na kinasa mafuta. Maji yarudishwe kwenye bwawa lenu kwa muda huo, kama lina nafasi. Kama halina, hiyo nayo ni taarifa ambayo Afisa Madini anapaswa kuipata leo.

Pili, sampuli zichotwe mbele ya wawakilishi wa kijiji, juu ya mgodi, mdomoni mwa bomba na kwenye kivuko cha mto, zikiwamo za mvua za kwanza. Zipimwe na maabara isiyolipwa na mgodi, na majibu yote, si mstari mmoja, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kwa Kiswahili.

Tatu, tuoneshwe tope la chokaa linahifadhiwa wapi, na ripoti ya mwisho ya usalama wa bwawa.

Nne, kijiji kiletewe maji ya kunywa kwa gari kuanzia sasa, hadi majibu ya maabara yatakaposema vinginevyo. Visima viwili vilivyo karibu na mfereji vifungwe.

Tano, tuelezwe kiasi cha dhamana ya ukarabati wa mazingira iliyowekwa, na kama kilikadiriwa kwa kufunika kifusi tu au kwa kutibu maji kwa miaka mingi baada ya kufunga mgodi. Tofauti ya makadirio hayo mawili ni kubwa mno.

Kwenu mlionakiliwa: wakaguzi miongoni mwenu sheria imewapa mamlaka ya kuingia mgodini. Mkija, msiishie mapokezi. Ombeni kupelekwa nyuma ya uzio, upande wa mashariki.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yapitie kwa Mtendaji wa Kijiji na yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata. Mhandisi wa mtambo akija mwenyewe tutafurahi zaidi. Kiti chake kitakuwepo, na maswali yatakuwa ya kemia tu. Bila majibu, barua hii pamoja na nakala za zilizotangulia, zenye mihuri ya ofisi yako, zitapelekwa kwa Waziri anayehusika na mazingira, na tutaomba msaada wa kisheria.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
kwa niaba ya wakazi wa vijiji vilivyo chini ya mgodi